Bata na Kuoga Alfajiri

Palikuwa na Bata mmoja mpenda sifa. Kenge akamwambia, "Bibie, waungwana huoga kabla ya jua." Basi kila alfajiri Bata alipiga kelele mpaka Bi Mwanakheri, mwenye banda, akamfungulia, naye akakimbilia bwawani.

Lakini bandani hakukuonekana yai hata moja. Bi Mwanakheri alimlisha pumba, dagaa na maganda ya konokono yaliyotwangwa, wapi! Mwishowe akaanza kuitazama sufuria. Bata akakosa raha, akidhani amekwisha uzazi.

Siku moja Bi Mwanakheri, aliyechoshwa na harusi ya jana, alilala hadi jua likapanda. Bata alipiga kelele mpaka koo likamkauka, akajilaza kwenye majani makavu, mara akataga yai kubwa, gumu, jeupe.

"Kumbe bado nataga!"

Mlango ulipofunguliwa, Kenge alikuwa nje, amenuna. "Bibie, mbona leo hukuja kuoga? Tangu alfajiri nilikuwa majini, sijatia kitu tumboni!"

Bata akamkazia macho. "Kwani chakula chako nilikuwa nakitaga mimi humo majini?"

Kenge akatokomea.

Siku hizi Bata huoga saa nne. Na ile sufuria? Huchemshiwa mayai.