Ukuta Unapiga Hodi

Bi Saumu alipofiwa na mumewe, ruzuku ya halmashauri ya kulipia pango la watu wawili iliendelea kuingia, naye yumo ndani ya eda, hatoki kwenda kueleza. Halmashauri ikaanza kujilipa kilichozidi kwa kumega nafasi ya chumba chake.

Kila alfajiri ukuta ulipiga hodi kwa adabu, maana sheria ilitaka mwenye chumba aridhie. Na mtu aliyelelewa huiachaje hodi bila jibu? “Karibu,” aliitikia, na ukuta ukasogea shubiri moja ndani. Ulishakula kabati, na upande wa kitanda aliolalia marehemu.

“Usiuitikie tena, dada!” mdogo wake Zena alimgombeza. “Hiyo karibu yako ndiyo sahihi wanayoitaka!”

Basi akajifunza kuuma kanga, anyamaze.

Siku moja hodi ikatoka mlangoni. “Hodi, dada! Nimekuletea uji!”

Akauma kanga, akiogopa ukuta usije ukamsikia. Zena akapiga hodi tatu, kama ada, kisha, asipokaribishwa, akaenda zake. Hakurudi tena.

“Hodi, mama,” ukasema ukuta kulipokucha. “Umeamkaje?”

Bi Saumu akaiachia kanga. “Karibu,” akasema. “Karibu sana.”