Tiketi Mbili za Kibondo

Bi Zuhra hakungoja salamu. Alimkuta mkwewe Saady stendi ya Kasulu, tiketi mbili za Kibondo mkononi, akamtemea mate miguuni.

"Malaya mkubwa wewe. Tazama mwanangu alivyokonda."

Mkwe hasemwi hadharani, hilo kila Muha analijua. Watu waliduwaa. Saady akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mama."

Shamsia, mkewe, akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Akina mama wakamzunguka: pole mwaya, wanaume ndivyo walivyo.

Mji ulikuwa umeshahukumu. Uvumi ulipozuka kwamba nyumba ile ina mtu asiyeshiba, anayelala hata na watu asiowajua majina, Saady hakukana. Miezi mitatu sasa alilala dukani, juu ya marobota ya mitumba. Msikitini walimkwepa. Haya, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nani aliwaambia kwamba mtu huyo alijichukia kila asubuhi, akaapa, na jioni akashindwa?

Ndiyo maana miezi mitatu iliyopita walikwenda kutafuta msaada Kibondo, wasikojulikana. Huko mnasihi, mama Esteri, aliwaeleza wazi: si jini mahaba, si malezi mabaya, ni ugonjwa, na watu hupona. Simu ya mtandao akaifungia kabatini. Akampa mgonjwa daftari, aandike kinachotangulia tamaa kila inapokuja: ugomvi, upweke, uchovu.

Wenyewe wakawekeana ahadi. Siku tisini bila kuanguka, wanarudiana na watoto wanarudi kutoka kwa bibi yao. Ahadi ikivunjika, ni talaka. Na leo ilikuwa siku ya tisini.

Basi lilipopita Makere, Saady akamshika mkewe mkono.

"Nimenunua godoro jipya," akasema. "Watoto nimewaambia kesho."

Shamsia alitazama dirishani. Aliumia kuona mwanamume mzima anafurahi hivyo, maskini.

Kibondo walikaribishwa chai, hakuna aliyeinywa. Mama Esteri akavaa miwani, akafungua faili, akamgeukia mgonjwa wake kwa upole wa mzazi.

"Haya mwanangu, siku ngapi sasa hujaanguka?"

Saady alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Mbili," Shamsia akajibu, akiliweka daftari lake mezani.