Mgombea Binafsi wa Fridley

Yai lilimpata Seneta Jeremiah Torvik begani, likachuruzika hadi kifuani. Aliyelirusha alikuwa mwanachama mwenzake, au tuseme mwenzake wa zamani, maana Seneta alikuwa ametoka kutangaza kwamba amekihama chama na atagombea peke yake. Nyuma yake, Mwenyekiti wa chama, Stroud, alikuwa akimwita msaliti mbele ya kamera. Seneta alijifuta kwa leso, taratibu, kama mtu aliyenyeshewa manyunyu, akaingia garini.

"Hukukasirika, Seneta?" Haika alimuuliza huku akiwasha gari.

"Hasira itanisaidia nini?"

Haika alikuwa mwanafunzi kutoka Moshi aliyekuja kusoma ughaibuni, akajitolea katika ofisi ile ya Seneta ili ajifunze siasa. Kwao sheria haikumtambua mgombea binafsi. Bila chama hugombei. Leo amemwona kwa macho yake mtu aliyekitupa chama kwa ajili ya basi. Basi lenyewe liliwachukua watu wa zamu ya usiku kutoka mji wa Columbia Heights kwenda kwenye viwanda vya mji jirani wa Fridley. Chama kilitaka lifutwe. Seneta alikataa.

Wengine wote ofisini waliondoka, wakakifuata chama. Haika akabaki. Tangu Septemba mpaka theluji ya Novemba, mwaka huo wa 1996, aligonga milango ya Fridley na Columbia Heights hadi vidole vikafa ganzi. Milango mingi ilikuwa na picha ya Susan Berg, mgombea wa chama pinzani, ambaye naye aliahidi kulitetea basi.

"Champlin tutaenda lini?" Haika aliuliza siku moja. Huko ng'ambo ya mto, katika jimbo lile lile la uchaguzi, ndiko chama cha zamani cha Seneta kilikokuwa na wafuasi wake.

"Champlin waache. Wale hawabadiliki."

Mlango mgumu kuliko yote ulikuwa wa Bi Zamzam, mama wa Kimombasa aliyefanya kazi ya kufunga bidhaa kiwandani. Alikuwa amepata uraia mwaka huo huo; hii ingekuwa kura yake ya kwanza.

"Mwanangu, mie nshamwahidi Susan," alisema. "Yule mama ana adabu zake. Nami bila lile basi, shifti sina."

"Susan anasema tu, Bi Zamzam. Seneta amekihama chama chake kwa ajili yenu."

Bi Zamzam alimimina chai bila haraka.

"Na wewe wampa nani?"

"Mimi si raia. Sina kura."

Mama akamsogezea kikombe.

"Basi, kura yangu ndiyo yako. Na wenzangu kule kazini ntawaambia."

Haika alitoka nje, na kwa mara ya kwanza tangu theluji ianze, hakusikia baridi.

Asubuhi baada ya uchaguzi, redio ya ofisini ilitangaza matokeo. Fridley na Columbia Heights zilikuwa zimegawanyika, nusu kwa Susan, nusu kwa Seneta. Champlin ilipiga kura kwa sauti moja. Kiti kimekwenda kwa mgombea wa chama cha zamani, na msemaji wake alikwisha sema kwamba jambo la kwanza ni kulifuta lile basi.

Haika alimpigia simu Bi Zamzam.

"Nimesikia," mama alisema. Hakuwa na hasira wala kilio. "Haya. Miguu tunayo."

Haika alirudisha mkono wa simu mahali pake. Alingoja machozi, hayakuja. Akaanza kubandua mabango ukutani, bango baada ya bango, bila kuyatazama. Kisha akamkumbuka Seneta, aliyejifungia chumba cha nyuma tangu matokeo yatangazwe. Mtu aliyepoteza chama, marafiki na sasa kiti, si wa kuachwa peke yake. Akammiminia kahawa, akaipeleka.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Seneta alikuwa kwenye simu, miguu juu ya meza, akicheka. Haika hakuwahi kumsikia akicheka.

"Hongera kwetu, Mwenyekiti Stroud," alikuwa akisema. "Si nilikuahidi nikihama nitamnyang'anya Susan kura zake? Sasa niambie, nitangaze lini kwamba nimerudi chamani?"