Dirisha la Mnara wa Mashariki

Dirisha la mnara wa mashariki lilifunguliwa wakati wa chai, na mtaa mzima ukanyamaza.

Effie Rintoul alikuwa amepiga magoti akisugua ngazi za jengo lao. Aliinua kichwa, akaliona. Brashi ikamtoka mkononi.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake. Mtu akifa, unafungua dirisha ili roho ipate pa kutokea. Hata manesi wa Jumba la Craiglarick walifanya hivyo, tangu vita viwaondoe wanafunzi wa chuo kikuu vyumbani mwao na kuleta majeruhi. Jumba lilijengwa kama ngome, na minara yake na matundu ya kupigia mishale, ingawa halikuwahi kupigana na mtu. Sasa kina mama wa ng'ambo ya barabara hawakuyaondolea macho madirisha yake.

Kitanda cha Dod, mwanawe Effie, kilikuwa chini ya dirisha lile. Kaka yake alikuwa tayari amebaki Ufaransa, udongoni. Effie hakuwa na mwana mwingine.

"Nimemuua," alisema. "Teenie, nimemuua mwanangu."

Teenie Mowat, jirani yake wa mlango wa pili, alimshika mabega. "Acha upuuzi. Wajerumani ndio waliompiga. Inuka, twende."

Wakavuka barabara na aproni zao zilizolowa.

Dod aliletwa na risasi ya paja, na paja lilipona vizuri. Dakta Imlach alipoanza tu kutaja habari za kumrudisha vitani, moyo nao ukaanza. Ulikwenda mbio, ukasita, ukaenda tena. Alitapika. Alisema anaona mashuka ya manjano. Daktari alijikuna kidevu na kuandika dawa ambazo hazikusaidia kitu.

Effie hakukosa siku ya kutembelea wagonjwa. Alileta supu ya shayiri, yenye majani aliyochuma kilimani kama walivyofanya wanawake wote wa mtaa tangu chakula kiadimike, na hakuondoka mpaka Dod amalize. Rab, mtoto wa Teenie, aliyelala kitanda cha pili, siku moja alinyoosha bakuli lake.

"Mama Dod, hata mimi nina tumbo."

Effie alimpiga mkono kwa kijiko. "Una mama yako. Akupikie."

"Ya kwake inanuka kabeji!"

"Basi kula kabeji, na ushukuru."

Wodi nzima ilicheka. Teenie, aliyekuwa amekaa pembeni, hakucheka.

Ngazi za mnara huzunguka kama konokono. Effie alizipanda bila kushika ukuta, Teenie akihema nyuma yake. Mlangoni mwa wodi walimkuta nesi mpya, Mwingereza wa London, amekunja mikono ya gauni, anapunga hewa kwa taulo.

"Nani amekufa?" Teenie aliuliza.

"Kufa? Hajafa mtu. Humu ndani mnanuka soksi, ndiyo maana nimefungua."

"Funga hilo dirisha, binti, kabla hujaua nusu ya mtaa."

Dod alikuwa ameketi kitandani, midomo imefifia, lakini hai. Kando yake walisimama Dakta Imlach na ofisa wa jeshi mwenye masharubu, anayekunja mipira ya kusikilizia kifua.

"Huyu hafai," ofisa alisema. "Moyo wa namna hii hauwezi kupanda kilima, sembuse kubeba bunduki. Mama, mchukue nyumbani."

Kisha akageukia kitanda cha pili, akamgonga Rab goti. "Huyu ni mzima kabisa. Anaondoka Ijumaa."

Effie alimfunga Dod skafu shingoni. Hakumshukuru mtu. Teenie alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda cha mwanawe, anatazama sakafu, na walipompita hakuinua uso.

Asubuhi iliyofuata mlango wa Effie uligongwa. Alikuwa Teenie. Hakusalimia. Aliingia, akaufunga mlango kwa mgongo wake, akamtazama Dod aliyelala karibu na moto. Pumzi zake zilikuwa fupi, lakini zilikuwepo.

"Rab anaondoka Ijumaa," Teenie alisema.

"Nilisikia. Pole, Teenie. Pole sana."

"Sijaja kuchukua pole."

Teenie aliikunjua aproni yake juu ya meza. Ilikuwa imejaa majani ya kilimani, mapana, yenye manyoya, bado yana umande.

"Niambie ni mangapi," alisema kwa sauti ya chini, "ya kuusumbua moyo bila kuusimamisha."