Neno la Mzee Mbaruku

Kila mzee aliruhusiwa kuishi nyumbani kwake maadamu alihifadhi kichwani neno moja la lugha iliyokufa. Akilisahau, aliondolewa siku hiyohiyo na hakurudi tena. Mzee Mbaruku alipewa neno la Misri ya kale: ren. Kumbukumbu zilikuwa zikimtoka moja baada ya nyingine, hivyo bintiye Mwatenga hakumlisha kijiko cha uji mpaka alitaje.

"Sema, baba, nikupe uji."

"Ren! Mtoto king'ang'anizi wewe, wanifundisha kama kasuku."

Siku ya ukaguzi, mkaguzi alimwamkia mzee, kisha akamuuliza maana. Mwatenga aliuma ncha ya kanga.

"Ren ni jina," mzee alijibu bila kusita. "Wamisri waliliona kuwa sehemu ya uhai. Jina likifutwa, mwenyewe ameangamia. Likitajwa, yungali hai."

Mkaguzi aligonga muhuri, akaaga. Mwatenga akamwangukia baba yake miguuni akilia.

"Umeweza, baba! Haya, niite basi. Niite jina langu."

Mzee alimtazama kwa adabu, kama amtazamavyo mgeni.

"Ren," alisema, kisha akafumbua kinywa, akingoja uji.