Hesabu Katika Chumba cha Petronila

"Saba mara nane," ilisema sauti kutoka chumba cha marehemu. Ikanyamaza kidogo, kama inayomsubiri mtu. "Hamsini na sita."

Chrispin aliachia wavu aliokuwa akiushona kivulini. Jua lilikuwa la utosi na uani hapakuwa na mtu. Chumba kile hakikulaliwa tena tangu Petronila, binti yake wa pekee, alipozama ziwani.

Alijikongoja hadi mlangoni, akausukuma. Mkewe Dorotea alikuwa ameketi kwenye kitanda cha binti yao, miwani puani, simu mapajani.

"Umenitisha, Mama Petronila. Unaongea na nani?"

"Na hesabu," alijibu Dorotea. "Kuna chuo cha wananchi upande wa Bunda kinafundisha hesabu za msingi kwa mtandao. Wanachukua hata sisi tulioishia la saba. Tunaanza Jumatatu, ndiyo najiandaa."

"Na uzee huu?"

"Uzee umekatazwa shule na nani?"

Chrispin akarudi kwenye wavu wake. Tangu msiba ule, alikuwa ameacha kubishana na mkewe.

Mwaka ule wa msiba, miaka kumi iliyopita, Petronila alikuwa amemaliza kidato cha nne na alitaka kuendelea kusoma. Lakini Chrispin alishakubaliana na mzee Machibya, mfugaji mwenye wake wawili, na ng'ombe wa mahari walishaingia zizini. Ilikuwa imebaki siku moja tu achukuliwe. Alfajiri binti akasukuma mtumbwi peke yake. Wavuvi waliukuta kwenye ufukwe wa Murangi, umepinduka, kanga yake imenasa kwenye ubao. Mwili haukupatikana. Hapo nyumbani Bukima wakazika, badala ya mwili, mgomba uliovikwa gauni lake la kanisani. Ng'ombe wakarudi kwa mwenyewe.

Majirani walianza kumwita Mzee Chrispin, kwa huruma. Dorotea peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Baba Petronila. Wala hakulikaribia lile kaburi, hata siku ya kuwaombea marehemu wote. Chrispin alidhani ni hasira, akaona anastahili.

Siku chache baadaye alirudi kutoka ziwani na mtungo wa ngege. Dorotea alikuwa nyuma ya nyumba, akianua dagaa. Chrispin akamwona kwa macho yake, mdomo umefumba. Na bado chumbani sauti ilikuwa inaongea.

"Chungwa moja, watu wanne. Kila mmoja anapata nini?" Kisha ikacheka.

Samaki walimponyoka. Kicheko kile alikijua. Kilikuwa kikianza juu na kuishia puani.

"Dorotea! Yumo ndani! Mtoto yumo ndani!"

Dorotea alitupa ungo, akampita mbio, akaingia. Sauti ikakatika. Alipotoka alikuwa ameibana simu kifuani.

"Ni mazoezi wanayotutumia," alisema. "Imejiwasha yenyewe."

"Ile ni sauti yake."

"Sauti za wasichana zinafananaga, Baba Petronila."

Lakini aliufunga mlango wa chumba kwa ufunguo, na Chrispin alimwona. Naye anaogopa, aliwaza. Naye anamsikia.

Tangu hapo sauti ile haikumwacha. Akikaa, anasikia kuhesabu. Akiwa ziwani, maji yanayopiga ubavu wa mtumbwi yanahesabu. Jumapili, watu walipotoka kanisani, hakwenda nyumbani. Alikwenda kaburini, akapiga magoti kwenye magugu.

"Mwanangu, kama hujapumzika, niambie nifanye nini," alisema.

Alisikia hatua nyuma yake. Alikuwa Dorotea, amesimama pale kaburini kwa mara ya kwanza.

"Angerudi leo, ungemwambia nini?" aliuliza.

"Usinitese, mama."

"Nakuuliza. Ungemwambia nini?"

Chrispin alifuta uso kwa kiganja chenye udongo. "Ningemwambia nilimfanya ndama, nikampeleka mnadani. Ningemwambia asome mpaka achoke mwenyewe. Kosa lilikuwa langu, si lake."

"Na Machibya akija na wazee wake?"

"Angenikuta mlangoni na panga."

Dorotea alimtazama namna anavyomtazama mvuvi anayeapa kwamba samaki ni wa leo. Kisha akamshika kwapani, akamwinua.

"Kesho asubuhi usiende ziwani," alisema. "Utakaa na mimi darasani."

Jumatatu Dorotea alivaa kitenge cha Pasaka, akajipaka mafuta usoni. Aliweka stuli mbili chumbani, akaegemeza simu kwenye mtungi.

"Kuvaa huko kote ni kwa ajili ya hesabu?"

"Kaa, Baba Petronila. Tumewahi, wenzetu bado hawajaingia."

Kioo kilikuwa cheusi, alama ya mtandao ikizunguka tu. Chrispin alitaka kuinuka. Dorotea akaukamata mkono wake, akaubana kwenye paja lake kama mtu anayezuia mtumbwi usichukuliwe na mawimbi.

Kioo kikawaka. Mwanamke mtu mzima alikuwa amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi. Juu ya nyusi yake ya kushoto palikuwa na kovu, pale ndoana ya Chrispin ilipomchana akiwa mtoto wa kutambaa.

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu, akitabasamu. "Umewahi kuliko wenzako..."

Akamwona aliyeketi pembeni. Chaki ikaanguka. Akamtazama mama yake, na Dorotea akamwitikia kwa kichwa.

"Shikamoo, baba," alisema Petronila.