Nyumba Iliyo Njiani mwa Reli

Reli ya kaskazini na bandari yake zilipokabidhiwa kwa wenyeji, viongozi wa jamii walimchagua Bi Dhahabo awe mwenyekiti wa kampuni mpya ya kuziendesha. Asubuhi moja aliongozana nao, pamoja na mhandisi, hadi kwa Mama Jillo, ambaye nyumba yake ilizuia njia mpya ya reli ya kwenda bandarini.

Bi Dhahabo alisimama mlangoni akaeleza kwamba nyumba yake nyingine imeshajengwa, na lori la kumhamisha litakuja Jumatatu.

“Kampuni ya zamani nayo ilituletea maneno hayo hayo,” Mama Jillo alisema taratibu. “Na walisimama hapo hapo uliposimama, mwanangu.”

Bi Dhahabo alihisi uso ukiwaka kwa aibu. Alikuwa msichana mdogo kampuni hiyo ilipowahamisha kwao.

Mhandisi akamnong’oneza kwamba meli hazitasubiri.

“Zitasubiri,” akasema Bi Dhahabo.

Akavua viatu, akaingia, akaketi mkekani. “Haya mama, wewe unaonaje?”

Mama Jillo aliinjika chai kwanza. Nje, viongozi walitazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wakainama kuvua viatu, mhandisi akabaki juani na ramani yake.